Hali fiche ya kivinjari: inamficha kijana nini, na kwa nani?

Hali fiche (incognito) ni namna ya kutumia kivinjari bila simu kuweka kumbukumbu ya kurasa zilizofunguliwa. Chrome imekuwa nayo tangu 2008, na Safari ilitangulia mwaka 2005. Ukifunga vichupo (tabs) fiche vyote, historia, vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huacha kwenye simu) na ulichojaza kwenye fomu vinafutika. Faili zilizopakuliwa hazifutiki. Zinabaki kwenye simu.

Hapa wazazi wengi hupotea. Mzazi anashika simu ya kijana wake wa miaka 15, anafungua historia, anakuta matokeo ya mechi na mapishi ya chapati, roho yake inatulia. Au anakuta patupu, basi anaamini mtoto ana jambo. Historia haithibitishi lolote kati ya hayo. Binti mwenye uvimbe kwenye titi anaweza kutumia hali fiche kwa sababu simu hiyohiyo inashikwa na kaka zake, na ana haki ya kuuliza bila wao kujua.

Tena, kinachofichwa kinafichwa ndani ya simu tu. Kampuni inayokuuzia bando kwa kawaida inaweza kuona ni tovuti gani imefunguliwa, hata isiposoma kilichomo. Mwenye Wi-Fi naye anaweza. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa kukusanya taarifa za watu waliokuwa kwenye hali fiche, na mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya rekodi.

Ukitaka kuizima, njia zipo. Akaunti ya mtoto inayosimamiwa kwa Family Link, programu ya Google ya wazazi, haipati hali fiche kwenye Chrome. Kwenye iPhone, ukizuia tovuti za watu wazima kupitia Screen Time, sehemu ya mipangilio ya kudhibiti matumizi ya simu, Safari inapoteza uwezo huo. Kumbuka tu kwamba kivinjari kingine kina hali fiche yake, kwa hiyo idhini ya kusakinisha programu nayo ibaki kwako.

Programu za kupeleleza zinazowekwa kwa siri siziungi mkono hata kidogo. Meseji na picha za mwanao zinakwenda kukaa kwenye seva za kampuni usiyoijua, na siku akigundua ataazima simu ya rafiki, ambako mipangilio yako haifiki. Mwambie unazima nini, kwa sababu gani, na hadi lini, kisha fungueni mipangilio hiyo pamoja yeye akiona.