Alama za Bwerere Chuoni Zinamgharimu Nani?

Kila muhula unapoisha, kabla matokeo hayajatangazwa, orodha za alama hupita mezani kwetu. Kazi yangu katika chuo kimoja hapa Moshi ni kuhakiki ubora wa mitihani na usahihishaji, na kuna jambo linaninyima raha: alama zinapanda, uelewa haupandi nazo. Nawaandikia wanafunzi na wazazi wa Kilimanjaro na Arusha, kwa sababu huku kwetu vyuo ni vingi, kuanzia Njiro na Usa River hadi Moshi mjini, na ni nadra kukuta ukoo usio na kijana anayesoma chuo.

Tuanze na jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Vyuo vingi nchini hugawa alama za somo hivi: 40 za kazi za muhula na 60 za mtihani wa mwisho, ule wanafunzi wanaouita UE. Chukua wanafunzi wawili wa somo moja. Wa kwanza ana 36 kati ya 40 za muhula, maana kazi ya kikundi iliandikwa na wawili tu huku wengine wanane wakiongeza majina, na jaribio lilirudia maswali ya mwaka jana ambayo desa lake, yaani nakala ya maswali na majibu, lilikuwa mikononi mwa kila mtu. Kwenye UE akapata 24 kati ya 60. Jumla 60. Wa pili alisahihishwa kwa haki: muhula 22, UE 38. Naye jumla 60. Pale ambapo B+ huanzia 60, wote wamepata B+ na pointi nne nne. Mmoja alijibu asilimia 40 ya mtihani, mwenzake asilimia 63, na transkripti haitasema lolote kuhusu tofauti hiyo.

Kuwalaumu wahadhiri peke yao ni kukwepa ukweli. Mhadhiri mwenye darasa la mamia hawezi kusoma insha zote kwa makini, hivyo hutunga maswali ya kuchagua jibu. Wa mkataba anajua kwamba fomu za tathmini zinazojazwa na wanafunzi zitaangaliwa siku ya kuongeza mkataba wake. Chuo kinachoishi kwa ada kinaona kila anayepata disko, yaani anayeondolewa masomoni kwa kufeli, kama ada iliyopotea. Na sisi wazazi tumo: kijana akisema ana sapu, yaani mtihani wa kurudia, tunatafuta ndugu anayemfahamu mhadhiri ili apige simu. Simu hiyo ni rushwa hata kama hakuna senti iliyotoka mfukoni.

Tatizo hili halipo kwetu tu. Huko Marekani, mwaka 2013 ilielezwa kwamba alama ya kati katika Chuo Kikuu cha Harvard ni A-, na inayotolewa mara nyingi zaidi ni A. Uingereza, shahada za daraja la kwanza zilikuwa takribani asilimia 16 mwaka wa masomo 2010/11. Miaka kumi baadaye zikazidi asilimia 35.

Madhara yake yamepimwa. Katika Chuo cha Jeshi la Anga la Marekani wanafunzi hupangiwa walimu bila kuchagua, na mtihani ni mmoja kwa madarasa yote. Watafiti Scott Carrell na James West walichapisha mwaka 2010 kwamba walimu waliopewa sifa nzuri na wanafunzi, na ambao wanafunzi wao walifanya vizuri kwenye hesabu za mwanzo, waliwaacha wanafunzi hao wakifanya vibaya kwenye masomo yaliyofuata. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, wa Philip Babcock, ulikadiria kwamba darasa linalotarajia A hutumia karibu nusu tu ya muda wa kujisomea ambao lingetumia kama lingetarajia C.

Hapa nyumbani tunakumbuka Oktoba 2022, yalipojulikana matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, wanakopita wahitimu wa sheria kabla ya kuwa mawakili. Kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 walishindwa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Mtihani wenyewe na ufundishaji wa pale navyo vilihojiwa, na ni haki vihojiwe. Lakini wote 633 waliingia pale wakiwa na shahada ya sheria.

Nililoliona kwa macho yangu ni dogo zaidi, ila lilinigusa zaidi. Meneja wa SACCOS moja upande wa Marangu alinionyesha kazi ya mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mwenye A ya uwekaji hesabu. Alikuwa amepewa daftari la fedha na taarifa ya benki ya mwezi mmoja, alinganishe. Salio mbili hazikukubaliana kwa sababu kulikuwa na hundi ambayo bado haijafika benki. Kijana hakuitafuta. Alibadilisha tarakimu kwenye daftari mpaka jumla zikalingana. Hakuwa mwizi. Miaka mitatu ya chuo, hakuna aliyewahi kumrudishia kazi yenye wino mwekundu na kumwambia: hapa hujaelewa, rudia.

Anayeumia kuliko wote, kwa maoni yangu, ni mwanafunzi hodari asiye na mtu. Mtoto wa mkulima wa Rombo hana mjomba kwenye kampuni ya utalii Arusha. Utambulisho wake ni hiyo karatasi. Mwajiri akipokea maombi hamsini, yote yana GPA (wastani wa pointi za masomo yote) ya 3.8 na kuendelea, karatasi haimsaidii kuchagua. Ataangalia jina la chuo, Kiingereza cha kwenye usaili, na nani kampigia simu. Serikalini angalau kuna usaili wa kuandika. Sekta binafsi mara nyingi hakuna. Alama za bwerere zinamfuta huyu mtoto, tena tukidhani tunamhurumia.

Dawa si kuweka kikomo cha A. Chuo Kikuu cha Princeton kilijaribu mwaka 2004, A zisizidi asilimia 35, kikaachana na utaratibu huo mwaka 2014 baada ya malalamiko kwamba uliwajaza wanafunzi hofu na ushindani. Ninachokitaka ni mtahini wa nje, yule anayetoka chuo kingine kukagua usahihishaji, aonyeshwe pia kazi za muhula, asiishie kwenye vitabu vya UE. Na pengo kubwa kati ya alama za muhula na za UE lijibiwe na idara kwa maandishi.

Mwanafunzi usisubiri hayo. Gawanya mwenyewe alama zako za kila somo. Ukikuta muhula ni asilimia 90 na UE ni 40, nenda kwa mhadhiri wako na karatasi zako, muulize mada zipi hujazielewa, kabla somo linalozitegemea halijaanza. Na wewe mzazi, kijana akirudi likizo, mwombe akuonyeshe kazi moja iliyosahihishwa, usome maoni ya mwalimu. Kama hakuna hata moja yenye maoni, hilo ndilo swali la kuuliza chuoni.