Pancha haziishi kwenye mauntini baiki yako? Liangalie tundu kwanza

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mwalimu wa ufundi baiskeli hapa Dodoma, na kila kiangazi karakana yetu inajaa vijana waliokuja wakisukuma baiskeli. Wengi wana mauntini baiki nzuri tu, tairi nene, ila mtu anakwambia wiki hii kashaziba pancha tatu na zote gurudumu la nyuma. Analaumu tyubu feki. Tyubu mbovu zipo kweli, lakini mara nyingi ninachokuta ni tundu limezibwa vizuri na kilichotoboa kimeachwa humohumo ndani ya tairi, kwa hiyo kesho kinatoboa tena pembeni ya kiraka.

Ndo maana nawaomba sana, kabla hujatoa tyubu chora alama ya chaki kwenye tairi pale vali ilipo, na nyingine kwenye tyubu ujue upande upi ulikuwa kulia. Jaza upepo, tumbukiza kwenye maji, tafuta mapovu. Ukishaliona tundu, ipange tyubu kwenye tairi kama ilivyokuwa, hapo unajua kabisa pa kutafuta. Usipapase kwa kidole utachomwa, chukua pamba uipitishe taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima, itanasa hata kamwiba ambako macho hayakaoni.

Tundu likiwa upande wa nje, unaogusa tairi, hapo ni mwiba au chupa au zile waya nyembamba zinazobaki barabarani tairi za malori zikipasuka. Huku kwetu adui mkubwa ni mbigili. Vitunda vyake vikikauka vinagawanyika vipande vigumu vyenye miiba, na kipande kikilala vyovyote vile mwiba mmoja unaangalia juu, na vinapenda kuota palepale pembeni ya njia ambapo sisi tunapita kukwepa magari.

Ukikuta matundu mawili yamekaa sambamba kama umeng'atwa na nyoka, hapo usitafute mwiba, ni upepo mdogo. Umepiga jiwe au ukingo wa lami, tairi likabonyea na tyubu ikabanwa na rimu. Hii ndo inaniuma zaidi kwasababu kuizuia ni bure kabisa, ni kupiga pampu tu! Tyubu inapoteza upepo kidogo kidogo hata baiskeli ikiwa imeegeshwa ndani, kwa hiyo pima kila wiki, tena kwa geji, kufinya na kidole kunadanganya. Mtu wa kilo 70 hivi mwenye tairi la upana wa inchi 2.1 aanzie PSI (kipimo cha upepo kinachosomeka kwenye geji) 35 mpaka 40, akibeba mzigo aongeze, ila asipite kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Tundu likiwa upande wa ndani, unaotazama rimu, angalia mkanda unaofunika vichwa vya spoku. Ukihama au ukikatika tyubu inajichoma yenyewe. Tyubu kuukuu ukiikata vizuri inatosha kuwa mkanda, bora ifunike mashimo yote. Na ikichanika kwenye shina la vali, hapo pia ni upepo mdogo, tairi linateleza kwenye rimu linavuta tyubu.

Kwenye kuziba, haraka ndo inaharibu. Sugua kwa msasa mpaka ng'aro iishe, paka solusheni (gundi ya viraka) nyembamba eneo linalozidi kiraka, halafu usubiri ikauke, dakika tano hivi, ukigusa isishike kidole kama maji, ndo ubandike ukandamize kwa nguvu. Kiraka kilichobandikwa solusheni ikiwa mbichi kinaachia juani.

Kuna wanaoniulizia yale maji ya kuziba yanayomiminwa ndani ya tyubu. Kwa mbigili yanasaidia sana, nayapendekeza, ila baada ya miezi michache yanakauka inabidi uongeze, na tyubu iliyobanwa na rimu hayaiokoi.