Muuguzi: kazi iliyotangulia jina lake

Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu akikuambia "nimetoka kwa muganga", usiharakishe kudhani amemwona daktari. Mara nyingi anamsema yule aliyempima presha, akampiga sindano na kumjazia fishi (kadi ya mgonjwa), yaani anfirmiye, muuguzi. Neno muuguzi tunalisikia redioni na kulisoma kwenye mabango ya chanjo, lakini ukilitaja sokoni Kadutu wengine watakuuliza umemaanisha nani. Nalipenda neno hili, kwa sababu limebeba mambo mawili ambayo Kifaransa chetu cha hospitalini kimeyatenganisha.

Shina lake ni ugua. Kuugua ni kuumwa, na kamusi za zamani zinaongeza maana ya pili, kile kilio cha chini cha mtu mwenye maumivu. Ukiongeza sauti moja unapata kuuguza: kukaa na anayeugua, kumlisha, kumwosha, kumgeuza asitoke vidonda vya mgongoni, kukesha naye homa inapopanda. Kwa shina hilo, muuguzi ni yeyote anayeifanya kazi hiyo. Maana ya pili ndiyo ya leo: mtu aliyesoma shule ya uuguzi, mwenye diploma, jina lake limeandikwa katika orodha ya fani, na analipwa, au angalau anastahili kulipwa. Ukitaka kuielewa historia ya wanawake weusi katika uuguzi, angalia umbali uliopo kati ya maana hizo mbili. Katika ile ya kwanza wamekuwamo siku zote. Kuingia katika ya pili kuliwachukua karibu karne nzima ya kugonga milango.

Umbali huo niliuona kwa macho yangu. Nililala siku kumi na moja kwenye mkeka chini ya kitanda cha mama mkubwa, katika hospitali moja ya mji huu. Nilikuwa gadimalade wake, yaani ndugu anayemlinda mgonjwa. Chumba kilikuwa na vitanda vinane, na waliokuwa wakiwalinda wagonjwa wote walikuwa wanawake: wake, mabinti, dada, mkwe mmoja kutoka Walungu. Alfajiri tulishuka uani kuwasha mbabula, majiko yetu ya mkaa, tukapika uji, tukachota maji, tukafua mashuka. Usiku anfirmiye alikuwa mmoja kwa vyumba vinne, kijana mpole aliyekuwa akikimbia na serumu mkononi, na sisi ndio tuliokuwa tukimwamsha drip inapokaribia kuisha. Jirani yangu alimgeuza mume wake kila saa mbili kwa wiki tatu. Siku ya kutoka mwandikishaji alimuuliza anafanya kazi gani. "Sina kazi," akajibu, "nauza ndizi tu."

Jibu lile lilinirudia niliposoma habari za Susie King Taylor. Alizaliwa utumwani huko Georgia, Marekani, mwaka 1848, akajifunza kusoma kwa siri kwa sababu sheria iliwakataza watumwa kusoma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomkomboa, aliingia akiwa msichana wa miaka 14 katika kikosi cha askari weusi. Kwenye daftari la jeshi aliandikwa kuwa ni mfuaji wa nguo. Kwa kweli aliwauguza majeruhi, akawahudumia wagonjwa wa ndui ambao wengine waliogopa kuwasogelea, na jioni akawafundisha askari herufi. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka minne bila kupokea hata dola moja. Tunayajua haya kwa kuwa aliyaandika mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1902. Daftari lilisema anafua nguo, na bila kitabu chake tungeliamini daftari.

Miaka michache kabla ya vita hivyo kulikuwa na vita vya Krimea, na hapo ndipo linapotajwa jina la Florence Nightingale, ambalo kila mwanafunzi wa uuguzi hapa kwetu analijua kabla hajajua kushika bomba la sindano. Mary Seacole hajulikani kiasi hicho. Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1805. Mama yake alikuwa mganga wa mitishamba mwenye nyumba ya wageni iliyopokea askari wagonjwa, na binti alijifunza kwa mama, kama ilivyo kwa wakunga wetu wa vijijini. Alishapambana na kipindupindu Panama na homa ya manjano Jamaika kabla ya kwenda London mwaka 1854 kuomba apelekwe Krimea pamoja na wauguzi wengine. Wakamkataa. Katika kitabu chake cha 1857 anauliza waziwazi kama ni rangi ya ngozi yake iliyomfungia mlango. Akasafiri kwa fedha zake, na mwaka 1855 akafungua karibu na Balaklava nyumba aliyoiita British Hotel. Aliuza chakula na vinywaji, akatibu kuhara na homa, akaenda uwanja wa vita na mfuko wa bandeji. Vita vilipokwisha alikuwa amefilisika.

Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 2016 mbele ya hospitali ya St Thomas', London, hospitali ileile ambako shule ya Nightingale ilifunguliwa mwaka 1860. Baadhi ya Waingereza walipinga: huyu alikuwa mfanyabiashara, hakusomea uuguzi, wala hakuwa na wodi. Naona ubishi huo unaonyesha vizuri kuliko kamusi yoyote jinsi dhana hii inavyofanya kazi. Wapingaji wanaitumia maana ya pili kumpima mtu aliyeishi kabla maana hiyo haijazaliwa. Ni kweli kwamba aliuza supu, na ni kweli pia kwamba aliuguza. Hata sisi gadimalade tulipika.

Baada ya 1860 mambo yalibadilika. Shule zikaenea, na jina la muuguzi likaanza kutolewa kwa cheti. Hilo lilikuwa jambo jema kwa wagonjwa, silipingi: mikono safi na dozi sahihi huokoa watu. Lakini waliokuwa wamefanya kazi hiyo kwa vizazi vingi walijikuta mlangoni wakiulizwa karatasi ambayo hawakuruhusiwa kuitafuta. Mary Eliza Mahoney wa Boston alifanya kazi miaka mingi katika hospitali ya wanawake na watoto ya mji huo akiwa mpishi, mfuaji na msafishaji, kabla ya kupokelewa katika shule yake ya uuguzi mwaka 1878, akiwa na miaka 33. Masomo yalichukua miezi 16, zamu za mchana na usiku. Walioanza walikuwa zaidi ya 40, waliomaliza hawakufika watano. Yeye alikuwa mmoja wao, na tangu mwaka 1879 anahesabiwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani mwenye diploma ya uuguzi.

Diploma haikutosha. Vyama vingi vya wauguzi wa Marekani, hasa kusini, havikutaka weusi. Kwa hiyo mwaka 1908 wauguzi 52 walikutana New York, wakiongozwa na Martha Franklin, wakaunda chama chao cha kitaifa. Mwezi Januari mwaka huohuo, upande wetu wa dunia, Cecilia Makiwane aliandikwa katika orodha ya wauguzi huko Rasi, Afrika Kusini. Alikuwa amesomea hospitali ya misheni ya Lovedale, na ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza barani kusajiliwa rasmi kuwa muuguzi. Leo hospitali kubwa ya Mdantsane ina jina lake.

Na Kongo? Hapa njia ilikuwa nyingine kabisa, na nadhani ndiyo maana watu wengi wa Kivu hawashangai kumwona anfirmiye mwanaume. Wabelgiji waliwafundisha wavulana. Wasaidizi wa tiba na wauguzi wa hospitali za serikali, za makampuni ya migodi ya Katanga na za misheni walikuwa wanaume, na juu yao masista wa Kizungu. Hata Katana, kaskazini mwa Bukavu kando ya ziwa, ambako taasisi ya tiba ya Chuo Kikuu cha Louvain ilijenga hospitali, mambo yalianza hivyo. Msichana Mkongomani alifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba. Mlango aliofunguliwa ulikuwa wa maternite, wodi ya kujifungulia: angeweza kuwa msaidizi wa mzalishaji, baadaye akushezi, yaani mkunga. Mkoloni alihitaji watoto wasife, na kina mama hawakutaka kuzalishwa na mwanaume wasiyemjua. Ilipofika 1960 nchi haikuwa na daktari hata mmoja Mkongomani aliyehitimu chuo kikuu nchini. Hospitali zilibaki mikononi mwa wauguzi na wasaidizi wa tiba, na kwenye vyumba vya kuzalia walibaki hao kina mama, ambao majina yao siyaoni katika vitabu vya shule.

Urithi wa enzi ile bado unatembea nasi. Tunawapanga wauguzi kwa herufi na tarakimu: A2 aliyemaliza sekondari ya uuguzi, A1 aliyesoma chuo cha tiba kama ISTM, A0 aliyeongeza miaka. Kituo cha afya cha mtaa hakiongozwi na daktari, kinaongozwa na muuguzi mkuu anayeitwa IT (infirmier titulaire), na yeye ndiye anayeona malaria, utapiamlo, vidonda vya risasi na mimba zilizokaa vibaya, kisha anaamua nani apelekwe hospitali kubwa. Wanawake wenye cheo hicho wapo siku hizi, nami huwa nafurahi kila nikimkuta mmoja. Wengi wao, sawa na wenzao wanaume, hawajawa "mekanize": wanafanya kazi ya serikali bila kuwa kwenye orodha ya mishahara yake, wakigawana kinacholipwa na wagonjwa. Kwa maana ya pili ya neno, hawa wamepewa diploma na jina, malipo bado.

Kuna mmoja ambaye ningependa wanafunzi wetu wamjue kama wanavyomjua Nightingale, kwa sababu alizaliwa karibu nasi. Augusta Chiwy alizaliwa mwaka 1921 Mubavu, Burundi, upande ule unaoufikia ukishuka kutoka Bukavu kwa bonde la Ruzizi. Baba yake alikuwa daktari wa mifugo wa Kibelgiji, mama yake Mwafrika. Akiwa na miaka tisa alipelekwa Ubelgiji, akakua, akasomea uuguzi Louvain. Desemba 1944 alikwenda Bastogne kusherehekea Noeli na baba yake, na Wajerumani wakauzingira mji. Daktari mmoja wa jeshi la Marekani, John Prior, hakuwa na dawa za kutosha wala wasaidizi, akamwomba Chiwy msaada. Akakubali.

Kumbuka jeshi lile lilikuwa na sheria gani. Mwaka 1941 lilikuwa limeweka idadi ya wauguzi weusi itakaowapokea nchi nzima: 56. Waliopokelewa walipelekwa kwenye kambi za askari weusi, baadaye wengine kuwahudumia mateka wa Kijerumani, huku majeruhi wa jeshi lenyewe wakikosa mikono. Mabel Staupers, kiongozi wa chama kile cha 1908, alipigana na jambo hilo kwa barua na mikutano miaka minne. Serikali iliposema wauguzi hawatoshi na huenda wakalazimishwa kuingia jeshini, aliuliza mbele ya watu: kwa nini basi mnawakataa weusi wanaoomba wenyewe? Januari 1945 mlango ukafunguliwa.

Wiki chache kabla ya hapo, Bastogne, askari wazungu walikataa kuguswa na mikono ya Chiwy. Inasimuliwa kwamba Prior aliwajibu kuwa huyu ni mtu wa kujitolea, kwa hiyo sheria ya jeshi haimhusu, na asiyetaka aachwe afe. Chiwy akaendelea kusafisha vidonda, akasaidia kukata miguu iliyooza kwa baridi, akatoka nje chini ya risasi akiwa amevaa sare ya jeshi kuwaleta majeruhi. Jioni ya tarehe 24 Desemba bomu liliangukia kituo chao. Muuguzi mwenzake Renée Lemaire aliuawa pamoja na majeruhi wapatao 30. Chiwy alirushwa na mlipuko hadi ng'ambo ya ukuta, akainuka, akarudi kazini.

Kwa miaka mingi baadaye masimulizi ya Bastogne yalimsema kama marehemu, au mwanamke mweusi asiye na jina. Yeye alikuwa hai Ubelgiji, akiwauguza watu walioumia uti wa mgongo, na hakupenda kuzungumzia vita. Mtafiti alimpata akiwa mzee. Mwaka 2011, akiwa na miaka 90, alipewa nishani na mfalme wa Ubelgiji, kisha jeshi la Marekani likampa yake. Alisema alichofanya kilikuwa kitu cha kawaida, na kwamba angemfanyia mtu yeyote. Alifariki Agosti 2015.