Redifishi wakubwa wa Louisiana hawajazeeka

Wavuvi wa mshipi kwenye vinamasi vya chumvi vya Louisiana, Marekani, wamerithishana dai moja: redifishi mkubwa, yule samaki wa baharini mwenye doa jeusi mkiani, ni mzee aliyekwisha kuzaa, kwa hiyo kumchukua hakupunguzi kitu. Si kweli.

Samaki huyu hupevuka akiwa na miaka mitatu hadi mitano na anaweza kuishi zaidi ya miaka 40, akizaa karibu maisha yake yote. Jike mkubwa hutaga mayai zaidi ya milioni moja kwa mkupuo mmoja, na hurudia mara kadhaa katika msimu uleule, kati ya Agosti na vuli. Ndiyo maana kipindi hicho wakubwa hujaa karibu na milango ya bahari.

Wala urefu hausemi umri. Hukua haraka sana miaka ya mwanzo, kisha karibu husimama. Wawili wa inchi 36 wanaweza kupishana miaka 20.

Kuwachukua wakubwa kuna gharama. Miaka ya 1980, mapishi ya redifishi ya mpishi Paul Prudhomme wa New Orleans yalipovuma, meli za nyavu zilizoa makundi ya wazazi kwenye Ghuba ya Meksiko, hadi serikali ya Marekani ikafunga uvuvi wa samaki hawa katika maji ya shirikisho, yaani bahari ya mbali zaidi na pwani iliyo chini yake. Louisiana yenyewe ilichelewa, kwa maoni yangu: tangu Juni 2024 tu ndipo kila redifishi anayezidi inchi 27 lazima arudishwe majini.