Usikimbilie kileleni: mtandao wa redio bila mnara katika milima ya Usambara

"Fundi, hizi redio za kutumiana ujumbe zinafika kilomita ngapi?" Anayeniuliza hivyo akiwa Dodoma nampa namba. Akiwa Lushoto namuuliza kwanza: ukisimama mlangoni kwako, unaona mlima gani?

Usambara Magharibi imekunjamana. Mombo iko chini tambarare, unapanda kona za Soni, Lushoto mjini ni mita 1,400 hivi juu ya bahari, Magamba inapita 2,200. Mlalo imelala bondeni, Mtae imekaa ukingoni ikitazama nyika ya Mkomazi. Mjini na barabarani simu zinashika vizuri tu. Shida iko vitongojini nyuma ya migongo ya milima, ambako kila mtu analijua jiwe la kupandia ili apate mtandao. Masika yakiporomosha barabara na umeme ukakatika, hata hilo jiwe halisaidii.

Ninachofunga ni LoRa, redio ndogo za kutuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo, zikiendeshwa na Meshtastic, programu ya bure aliyoianzisha Kevin Hester mwaka 2020. Unaunganisha simu na redio kwa bluetooth, unaandika, unatuma; laini na bando havihitajiki. Redio nyingine ikisikia ujumbe mpya inaurudia hewani, na inayofuata vilevile, hadi miruko, yaani idadi ya kurudiwa iliyopangwa, iishe. Kawaida ni miruko 3, ukomo ni 7. Ujumbe ni wa herufi mia mbili na kitu, na njia nzima, kwa mpangilio wa kawaida, ina kasi ya kilobiti 1 hivi kwa sekunde, mnagawana wote. Picha za harusi zisubiri mtandao urudi.

Sasa hesabu. Chipu ya SX1262, iliyo ndani ya redio hizi, inatoa miliwati 160 hivi, pungufu ya balbu yoyote ya nyumbani kwako. Kwa masafa ya megahezi 868, kilomita 10 za anga tupu zinakula desibeli 111 (desibeli ni kipimo cha mawimbi kudhoofika au kuongezeka), na redio ya upande wa pili bado inabaki na akiba ya desibeli zaidi ya 40. Kwa hiyo umbali si tatizo. Tatizo ni mgongo wa mlima ulio katikati, ambao unameza akiba yote hiyo. Tena haitoshi kuuona upande wa pili kwa macho: katikati ya hizo kilomita 10, mawimbi yanataka uwazi wa karibu mita 30 kuzunguka mstari wa macho. Mikaratusi iliyolowa mvua ikiingia humo, utaona ujumbe unafika asubuhi na jioni haufiki, na utailaumu redio bure.

Hapo ndipo wengi wanapokimbilia kilele kirefu kuliko vyote, na mimi huwazuia. Redio ya kileleni inasikia kila mtu, tambarare nzima ikiwemo, halafu inarudia yote kwenye njia ile nyembamba huku vijiji vilivyo miguuni pake vikikosa. Antena nazo zina tabia yake. Zile ndefu za desibeli 8 zinayabana mawimbi yawe bapa kama chapati, yanakwenda mbali kwa usawa wa upeo na kupita juu ya paa za watu wa bondeni. Mimi natafuta bega la mlima linaloona mabonde mawili, naweka antena fupi ya desibeli 2 au 3, basi. Mabega matatu yanayoonana yananitosha kuliko kilele kimoja.

Redio za mabegani ndizo pekee zipewe jukumu la Router, yaani kirudiaji kikuu. Za majumbani ziache kama zilivyo. Meshtastic ina busara yake: aliyepokea kwa udhaifu, ambaye huenda yuko mbali zaidi, ndiye anayetangulia kurudia, na wengine wakimsikia wananyamaza. Ukimfanya kila mtu Router, wote wanakimbilia kurudia pamoja na ujumbe unagongana hewani.

Ukungu wa Magamba unatesa paneli za sola. Kwa hiyo juu mlimani sifungi bodi za redio zenye chipu ya ESP32, zinakula umeme mno. Bodi zenye chipu ya nRF52840, kama RAK4631, zinaweza kukaa zaidi ya wiki kwa betri moja ya miliampia-saa 3,000 bila kuona jua, wakati ESP32 hiyohiyo betri inaimaliza kwa siku moja na kidogo. Ndani ya msitu wa hifadhi huwezi kujifungia tu nguzo. Anza na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu.

Kabla ya kuagiza, angalia masafa. Bodi za megahezi 915 zinauzwa kila mahali, lakini ni za Marekani. Huku kwetu masafa hayo yanaingiliana na ya simu za GSM. Uliza TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, wanaruhusu nini kwenye 433 na 868, na kwa nguvu gani, ndipo utoe hela.

Mwisho, badilisheni ufunguo wa chaneli, yaani neno la siri linalofunga ujumbe wenu. Ule unaokuja na programu unajulikana na dunia nzima, na yeyote mwenye redio anasoma mnachoandika. Ufunguo mpya akae nao mwenyekiti wa kitongoji na mtu mmoja zaidi. Na mtu wa kupanda kufuta paneli achaguliwe kabla nguzo haijasimikwa, awe anayeishi karibu na bega lenyewe.