Kufunga Jigi: Maana Yake kwa Anayeanza

Jigi ni chambo bandia kinachotokana na ndoano iliyosubiwa kichwa cha risasi au cha madini mengine mazito, kisha shina lake likavishwa manyoya, nywele za mnyama au nyuzi. Kazi hiyo ya kuvisha ndiyo inayoitwa kufunga jigi, kwa sababu kinachoshikilia vitu hivyo mahali pake ni uzi mwembamba unaozungushwa na kukazwa, mzunguko juu ya mzunguko.

Umbo la ndoano yenyewe lina sababu. Shina la ndoano ya jigi limekunjwa karibu na tundu la kupitishia mshipi, hata tundu likaelekea juu, na uzito ukakaa penye mkunjo huo. Mvuvi akiinua fimbo, kichwa huruka. Akiilegeza, kichwa hutangulia kuzama na mkia hufuata nyuma ukipepea. Ncha ya ndoano hubaki ikitazama juu, kwa hiyo hainasi kwa urahisi kwenye mawe na magugu ya chini. Mara nyingi samaki huichukua jigi inaposhuka, na ndiyo maana mkia laini una thamani kuliko rangi za kuvutia macho ya mnunuzi.

Anayeanza anahitaji jiriwa ndogo ya kubana ndoano, kishikio cha kibiringo cha uzi, mkasi wenye ncha kali na vichwa vilivyokwisha kusubiwa, vya gramu 3 au 4 hivi. Simshauri mtu aanze kwa kuyeyusha risasi mwenyewe: huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, na mvuke na vumbi lake ni sumu. Hata vichwa vya kununua visiwekwe mdomoni, na mikono inawiwe baada ya kazi. Nchini Uingereza uuzaji wa chubwi ndogo za risasi ulipigwa marufuku mwaka 1987, kwa sababu bata maji walikuwa wakizimeza na kufa. Vichwa vya tangsteni au bati huondoa wasiwasi huo.

Uzi ndio moyo wa kazi yote. Kabla ya kuweka unyoya wowote, shina lazima livikwe tabaka la uzi kuanzia nyuma ya kichwa hadi pale ndoano inapoanza kupinda, kwa kuwa manyoya yakifungwa juu ya chuma kitupu yatazunguka na kuchomoka. Mkazo unaofaa ni ule unaokaribia kuukata uzi bila kuukata, na hakuna awezaye kuueleza kwa maneno yakatosha. Ukate uzi makusudi mara mbili tatu, nao mkono utaujua mpaka.

Kwa jigi ya kwanza napendelea manyoya ya marabu, ambayo zamani yalitoka kwa korongo aitwaye kongoti na siku hizi hutoka kwa batamzinga. Lowanisha vidole, ushike kifungu chembamba, nacho kitanywea mpaka uone urefu wake halisi majini. Mkia unaokaribia urefu wa shina unatosha. Ufunge kwa mizunguko michache iliyokazwa, kisha vishina vya manyoya vilazwe na kufungwa hadi karibu na kichwa, badala ya kukatwa pale pale vikaacha nundu. Baada ya hapo funga ncha ya uzi mnene wa chenili penye mkia, rudisha uzi wa kufungia mbele, uzungushe chenili kwa mizunguko inayogusana, uifunge nyuma ya kichwa na kukata inayobaki.

Umaliziaji ni fundo ambalo uzi hujizungushia wenyewe mara tano au sita kabla ya kuvutwa chini ya mizunguko hiyo, likapakwa tone la vanishi. Vuta mkia: ukitoka, kosa liko kwenye tabaka la kwanza la uzi. Kisha zibua tundu kwa sindano ikiwa limezibwa na rangi, uifunge jigi kwenye kipande cha mshipi, uitumbukize katika beseni la maji na kuiinua na kuishusha polepole. Mkia ukikaa mgumu kama brashi, manyoya ni mengi mno. Yapunguze kwa kunyofoa kwa kucha, kwa maana mkasi huacha ncha butu zisizopepea.