Ufikivu ni nini? Jibu kutoka bustani ya burudani

Neno "ufikivu" limetokana na kitenzi fika, na mzizi huo huwapotosha wengi. Mtu akilisikia, huwaza njia: mteremko badala ya ngazi, mlango mpana, maegesho karibu na lango. Mgeni mwenye kiti cha magurudumu ameingia, basi kazi imekwisha. Lakini Kiswahili kina kufika na kina kufikia, na ufikivu unaozungumziwa katika haki za watu wenye ulemavu uko karibu zaidi na hicho cha pili: je, mgeni amekifikia kile kilichomtoa nyumbani? Bustani ya burudani huianika tofauti hiyo upesi, kwa kuwa hakuna anayekata tiketi ili apite getini tu. Watu huenda kurushwa juu, kuzungushwa, kulowa na kupiga mayowe. Aliyeingia akaishia kuwashikia wenzake mikoba chini ya mchezo amefika, ila hajafikia kitu.

Nyuma ya neno hili kuna namna ya kuuelewa ulemavu wenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 13, 2006 na kuanza kutumika Mei 3, 2008, unaeleza katika utangulizi wake kwamba ulemavu huzaliwa pale hali ya mtu inapokutana na vikwazo vya mazingira na vya mitazamo ya watu. Miguu isiyotembea ni hali. Ngazi tatu mbele ya pembea ndizo zinazomfungia mtu nje. Ibara ya 9 ya mkataba huo ndiyo inayohusu ufikivu, na Ibara ya 30 inaingia moja kwa moja kwenye starehe: nchi zihakikishe watu wenye ulemavu wanayafikia maeneo ya michezo, burudani na utalii, na watoto wenye ulemavu wacheze kwa usawa na watoto wengine. Wapo wanaoona kucheza ni jambo dogo mno kuandikiwa mkataba wa kimataifa. Nadhani hawajawahi kukaa karibu na mtoto anayewatazama wenzake wakicheza.

Ufikivu una ndugu anayechanganywa naye kila mara, naye ni marekebisho stahiki. Ufikivu hutengenezwa kabla ya kumjua anayekuja: upana wa njia ya foleni, urefu wa kaunta, maandishi makubwa kwenye mabango, choo chenye nafasi ya kugeuzia kiti. Marekebisho stahiki humhusu huyu aliyesimama hapa leo: kiziwi anayehitaji maelezo ya usalama kwa maandishi kwa sababu tangazo la kipaza sauti halimfai, au asiyeona anayetaka kupapasa kiti na mkanda kabla mchezo haujaanza. Hilo neno "stahiki" lina mipaka yake, maana mkataba haumlazimishi mwenye huduma kubeba mzigo uliopitiliza. Nchini Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 imezisogeza karibu dhana hizi mbili kwa kumtaka mtoa huduma awafikirie mapema wageni wenye ulemavu, asingoje mmoja atokee ndipo aanze kuhangaika kutafuta ufunguo wa mlango wa pembeni.

Marekani ndiko kanuni za vyombo vya burudani zilikoandikwa kwa undani zaidi. Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu, iliyosainiwa Julai 26, 1990, inazitaja bustani za burudani kwa jina miongoni mwa sehemu zisizoruhusiwa kubagua. Viwango vya sheria hiyo vya mwaka 2010, vilivyoanza kubana Machi 15, 2012, vikashuka hadi kwenye mchezo mmoja mmoja: chombo kipya kiwe na angalau kimojawapo kati ya nafasi ya kuegesha kiti cha magurudumu ndani yake, kiti ambacho mtu anaweza kuhamia, au kifaa cha kumhamisha. Kimoja tu kinatosha. Vyombo vya maonyesho ya kuhamahama vimeachwa nje ya sharti hilo, na hata vile vya watoto wadogo ambao hupandishwa na kuteremshwa na mtu mzima. Tena bustani hairuhusiwi kumtoza mgeni mwenye ulemavu ada ya ziada ili kufidia gharama za hatua hizo.

Hadi hapo mambo ni ya seremala na fundi mwashi. Ugumu unaanzia kwenye kiti chenyewe.

Rolakosta, ile treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli, inapovuka kilele, behewa huanza kushuka huku mwili ukiwa bado unataka kupanda. Mpandaji huinuka kitini, na ndiyo raha aliyoilipia. Kinachomrudisha ni chuma kinachokaza juu ya mapaja, nacho kimebuniwa kikitarajia kuyakuta mapaja. Julai 2011, katika bustani moja jimboni New York, askari mstaafu aliyepoteza miguu yote miwili vitani Iraq alichomoka kwenye rolakosta ya namna hiyo akafa. Masharti ya mchezo ule yalitaka mpandaji awe na miguu miwili. Wahudumu walimpandisha hivyo hivyo. Sina shaka walitaka kumfurahisha mtu aliyeitumikia nchi yake. Lakini wema wao haukuwa na cha kumshikia.

Kwa hiyo kumkatalia mtu si lazima kuwe ubaguzi. Kanuni za Marekani zinaruhusu masharti ya usalama, ila yasimame juu ya hatari halisi, si juu ya kubahatisha wala picha ya jumla waliyonayo watu kuhusu wenye ulemavu. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: kizuizi hiki kinashika sehemu gani ya mwili, na mgeni huyu anayo? Swali lisilofaa, ingawa ndilo huulizwa zaidi, ni kama mgeni huyu anaonekana mzima.

Mfano wa pili unatoka Orlando, Florida. Mwanamume aliyezaliwa bila kiganja kimoja alikataliwa kuteleza kwenye mchezo wa maji, kwa sababu sharti lilidai mikono miwili, au mmoja wa asili na mwingine wa bandia. Bustani ilijitetea kwamba sheria ya jimbo inaitaka ifuate maelekezo ya mtengenezaji wa chombo. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya shirikisho haikuukubali utetezi huo: sheria ya jimbo haiwezi kuhalalisha kile ambacho sheria ya shirikisho imekataza, na kulitaja tu karatasi la mtengenezaji hakuthibitishi kwamba sharti ni la lazima. Ukiziweka kesi hizi mbili bega kwa bega, utaona kwamba hazipingani. Paja lililokosekana New York lilikuwa ndilo ngome ya usalama. Kule Orlando, bustani ilitakiwa kwanza ionyeshe kiganja kinafanya kazi gani.

Njia moja nyepesi ya kupunguza mabishano haya ni kiti cha majaribio. Baadhi ya bustani huweka nje ya mchezo kiti kilekile kilichomo ndani, na chuma chake. Mgeni hukaa, hujifunga, huona mwenyewe kama kimemshika. Wanene na warefu sana wanakitumia pia, jambo linaloondoa ile aibu ya kuondolewa mbele ya umati baada ya kupanga foleni saa nzima. Hoja ya bustani kwamba ni vigumu kuteremsha watu mchezo unapokwama juu ni ya kweli vilevile, kwa kuwa njia ya dharura mara nyingi ni ngazi nyembamba. Ila inadai mpango na mazoezi ya wahudumu. Peke yake haitoshi kuwa bango la "hairuhusiwi".

Foleni nazo zina hadithi yake. Kwa miaka mingi bustani za Disney nchini Marekani zilitoa kadi iliyomsaidia mgeni mwenye ulemavu kuepuka foleni ya kawaida. Mwaka 2013 ziliripotiwa familia tajiri zilizokuwa zikiwalipa watu wenye ulemavu wafuatane nazo ili zipite mbele, na mwaka huohuo kadi ikafutwa. Mpango ulioifuata humpa mgeni saa ya kurudi: kama foleni ni ya dakika 60, anasubiri takriban muda huohuo, ila kivulini, akila au akipumzika. Binafsi naona wazo hilo ni la haki kwa wengi, kwani tatizo la asiyeweza kusimama muda mrefu ni kusimama, si kusubiri. Familia za vijana wenye usonji (autism) zilikwenda mahakamani zikisema kwa watoto wao kusubiri kwenyewe ndilo tatizo, na kwamba ratiba ikivurugika siku nzima imeharibika. Mwaka 2020 jaji wa shirikisho huko Florida aliipa Disney ushindi. Mwaka 2024 masharti yalibanwa yakawalenga hasa wenye usonji na hali nyingine za ukuaji zinazofanana nao, na safari hii wenye maradhi mengine yasiyoonekana ndio waliolalamika kuachwa. Kamba ya foleni ukiivuta upande mmoja, mwingine unafupika.

Ulemavu usioonekana una mahitaji yasiyojengwa kwa saruji. Sesame Place, huko Pennsylvania, ilitambuliwa mwaka 2018 kuwa bustani ya kwanza duniani kupata cheti cha kituo cha usonji. Wahudumu hufundishwa, pana vyumba vya utulivu, na kila mchezo una mwongozo unaoeleza utagusa kwa kiasi gani kila mlango wa fahamu, ili mzazi ajue mapema penye kelele za ghafla. Karatasi kama hiyo haigharimu kitu ikilinganishwa na rolakosta.

Punguzo la bei, kwa maoni yangu, huitwa ufikivu kimakosa. Tiketi ya bure kwa msindikizaji ina mantiki, kwa sababu bila yeye mgeni hawezi kushiriki. Lakini nusu bei kwa bustani ambayo robo tatu ya michezo yake imefungwa kwako ni msamaha wa deni, tena wa sehemu tu.

Huko San Antonio, Texas, Gordon Hartman aliifungua Morgan's Wonderland mwaka 2010, akiipa jina la binti yake mwenye ulemavu, baada ya kumwona akitamani kucheza na watoto wengine kwenye bwawa la kuogelea nao wakaondoka. Wageni wenye mahitaji maalumu huingia bila kulipa, na wasio na ulemavu wanakaribishwa vilevile, maana lengo ni kucheza pamoja. Mwaka 2017 ikaongezwa bustani ya maji, na hapo likaja suala la kiti chenye injini ya umeme, ambacho hakitakiwi kulowa. Jawabu lilikuwa viti vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi.

Kuna pia pembea ya kuzunguka, ile yenye farasi wa sanamu. Kwingine, nafasi ile moja inayodaiwa na kanuni huwa kibanda kilichotulia sakafuni: pembea inazunguka, farasi wanapanda na kushuka, mwenye kiti cha magurudumu anazunguka akiwa palepale chini. Sheria imeridhika. Pale San Antonio, jukwaa linalobeba kiti cha magurudumu nalo hupanda na kushuka, sambamba na farasi.